Sindano ya homoni ya maziwa kwa ng'ombe wa malishoni: hatua kwa hatua

Kila baada ya siku 14 ng'ombe anachomwa sindano moja yenye miligramu 500 za homoni ya ukuaji ya ng'ombe, kuanzia wiki ya tisa baada ya kuzaa hadi anapokaribia kukaushwa, yaani kuachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa tena. Tiba yote ni hiyo, na mtu aliyezoea hutumia sekunde chache kwa kila ng'ombe. Kazi kubwa iko kabla na baada ya sindano: majani, chakula cha nyongeza, madini, maji, kivuli na daftari. Ng'ombe wa zizini analetewa chakula kilichopimwa, kwa hiyo makosa mengi yanafichika. Wa malishoni anajitafutia mwenyewe, na siku majani yakipungua homoni iliyo mwilini haipungui nayo.

Mfano tunaoutumia hapa ni wa mashamba ya Afrika Kusini, ukanda wa pwani ya kusini na KwaZulu-Natal, ambako ng'ombe wa maziwa hula malishoni mwaka mzima na homoni hii imesajiliwa kama dawa ya mifugo chini ya Sheria Na. 36 ya 1947. Msomaji wa Limuru au Njombe atayatambua majani yenyewe. Ni kikuyu, yaliyotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na kubeba jina la wenyeji wake hadi kusini kabisa mwa bara. Huko kikuyu hushika malisho wakati wa kiangazi chao, Desemba hadi Aprili, kisha raigrasi, majani ya msimu wa baridi, hupandwa juu yake kwa ajili ya miezi ya baridi na masika yao, Septemba hadi Novemba.

Homoni inafanya nini mwilini

Ng'ombe mwenyewe huitengeneza katika tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Tangu 1937 watafiti wa Urusi ya Kisovieti, Azimov na Krouze, walionyesha kwamba majimaji ya tezi hiyo yakichomwa kwa ng'ombe anayekamuliwa, maziwa huongezeka. Shida ilikuwa wingi: tezi moja hutoa homoni kidogo mno. Miaka ya 1980 bakteria walipobadilishwa ili waitengeneze, ikawa bidhaa. Marekani iliidhinisha ya kwanza Novemba 1993, ikaanza kuuzwa Februari 1994.

Homoni hugawa upya kile ambacho ng'ombe amekwisha kula. Mafuta ya mwili huacha kujilimbikiza au huanza kuyeyuka, ini hutoa kichocheo kingine kiitwacho IGF-1, misuli hupunguza kuchoma sukari, na damu nyingi zaidi hupelekwa kwenye kiwele. Maziwa hupanda ndani ya siku chache. Hamu ya kula hupanda pia, lakini huchelewa kwa wiki kadhaa. Pengo hilo kati ya maziwa na kula hulipwa kwa mafuta ya mgongoni. Ng'ombe asiye na mafuta hayo hana cha kulipia, na ini la ng'ombe mwenye njaa hata haliitikii vizuri homoni, kwa hiyo unachoma dawa ya gharama na maziwa hayaji.

Ndiyo sababu pia haichomwi mapema. Wiki nane za mwanzo baada ya kuzaa, homoni ya ng'ombe mwenyewe iko juu tayari na mwili uko kwenye deni la chakula. Kuongeza nyingine wakati huo ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyojaa.

Hatua ya 1: Jua kama unaruhusiwa, na nani atanunua maziwa

Umoja wa Ulaya umepiga marufuku matumizi yake tangu Januari 2000. Kanada ilikataa kuisajili Januari 1999 kwa sababu za afya ya ng'ombe wenyewe. Australia na Nyuzilandi, ambazo ndizo nchi kubwa za ufugaji wa malishoni, haziitumii, ingawa Nyuzilandi ilifanya baadhi ya majaribio ya mwanzo ya homoni hii kwa ng'ombe wa malishoni. Marekani, Afrika Kusini, Brazili na Meksiko zinaruhusu.

Kwa mfugaji wa Tanzania wa kuulizwa ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kenya ni Kurugenzi ya Dawa za Mifugo. Uliza kwa jina la bidhaa lililoandikwa kwenye boksi na namba yake ya usajili. Usikubali neno la muuzaji kwamba "zote ni moja". Sindano iliyovushwa mpakani kwenye mfuko wa plastiki ina tatizo la sheria na tatizo la joto, na la pili linatosha kuiharibu kabla la kwanza halijagunduliwa.

Kisha muulize mnunuzi. Hata palipo na ruhusa, viwanda vingi vya maziwa huko Marekani na maduka kadhaa makubwa ya Afrika Kusini hutaka mfugaji asaini kwamba hatumii. Mamlaka ya chakula ya Marekani inashikilia kwamba hakuna tofauti ya maana iliyoonekana kati ya maziwa ya ng'ombe waliochomwa na ya wasiochomwa, lakini mwenye lori la maziwa ndiye anayeamua alipe nini. Kama mkataba wako unakataza, ishia hapa.

Hatua ya 2: Pima majani kabla ya kununua sindano

Usikadirie kwa macho ukiwa getini. Tengeneza fremu ya mraba ya nondo au mbao, sentimita 50 kwa 50. Tembea kitalu, yaani kipande cha malisho kilichozungushiwa uzio, kwa mstari uliopinda-pinda na uirushe mara 10 bila kuchagua pa kuiangushia. Kila inapoanguka, kata majani yaliyo ndani kwa mundu, ukiacha sentimita 5 juu ya ardhi, kwa maana chini ya hapo hutaki ng'ombe wafike. Pima uzito.

Tuseme wastani ni gramu 250. Fremu ni robo ya mita ya mraba, kwa hiyo ni kilo 1 kwa mita moja ya mraba, au kilo 10,000 za majani mabichi kwa hekta. Sasa tafuta uzito mkavu, yaani majani baada ya maji kutoka. Katakata gramu 100, weka kwenye maikrowevu pamoja na glasi ya maji ili yasishike moto, kausha kwa dakika chache chache, ukipima kila mara mpaka uzito usishuke tena. Kikuyu changa huacha gramu 15 hadi 18. Tukishika 16, hekta ina kilo 1,600 za uzito mkavu ambazo ng'ombe anaweza kuzifikia. Ng'ombe 100 wanaohitaji kilo 12 kila mmoja watamaliza robo tatu ya hekta kwa siku: nusu ya eneo hilo baada ya mkamuo wa asubuhi, nusu baada ya wa jioni, uzio wa umeme ukihamishwa kila mara.

Umri wa majani una umuhimu kuliko wingi wake. Raigrasi ilishwe ikiwa na majani mawili na nusu hadi matatu kwa kila chipukizi. Kikuyu ikiwa na manne hadi manne na nusu. Ikizidi hapo kikuyu hujaa mashina na kapeti la nyuzi kavu chini. Ng'ombe hujaza tumbo akabaki na njaa. Ukiona wanasimama mbele ya uzio wakilia wakati kitalu bado kina majani ya kufika kifundoni, inama uyapasue kwa kidole: utakuta jani moja bichi na shina gumu la rangi ya majani makavu.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya chakula

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, kwa hiyo tuifanye yote.

Ng'ombe wa kilo 500 anayetoa lita 20 anahitaji takribani megajuli 55 za nishati kujiendesha, nyingine 8 hivi za kutembea na kutafuta majani, na 5 kwa kila lita ya maziwa, yaani 100. Jumla 163. Kikuyu nzuri ina megajuli 9 kwa kilo ya uzito mkavu. Raigrasi changa hufika 11. Akila kilo 12 za kikuyu anapata 108. Kilo 5 za chakula cha nyongeza kizuri, kwa uzito wa gunia, zinampa 55 hivi. Jumla 163. Ng'ombe huyu amesimama sawasawa, hapungui wala hanenepi.

Sasa mchome. Uchambuzi wa majaribio mengi uliofanywa na jopo la madaktari wa mifugo wa Kanada na kuchapishwa 2003 ulikuta ongezeko la asilimia 15.6 kwa ng'ombe waliozaa zaidi ya mara moja na 11.3 kwa waliozaa mara ya kwanza. Ng'ombe wetu ataongeza lita 3. Hizo ni megajuli 15 zaidi kila siku.

Akizitafuta kwenye kikuyu, anahitaji kilo 1.7 zaidi za uzito mkavu, ambazo ni zaidi ya kilo 10 za majani mabichi, yenye maji. Tayari alikuwa anabeba kilo 75 za majani hayo kwa siku. Tumbo lina mwisho, na saa za kula zina mwisho: ng'ombe hula malishoni kwa jumla ya saa 8 hadi 10 kwa siku, kisha lazima alale acheue. Kwenye kikuyu ya Februari hatazipata hizo kilo 10. Kwenye raigrasi ya Septemba huenda akazipata.

Akizipata kwenye chakula cha nyongeza, ni kilo 1.4. Lakini ukimwongezea chakula cha gunia, anapunguza majani kidogo, kwa hiyo panga kilo 2. Zinakuwa 7 kwa siku, 3.5 kila mkamuo. Usivuke 4 kwa mkamuo mmoja: wanga mwingi kwa mara moja huchachusha tumbo, mavi yanakuwa maji yenye povu, mafuta kwenye maziwa yanashuka, na baada ya wiki kadhaa kwato zinaanza kuuma. Ongeza nusu kilo kila baada ya siku tatu, na anza kuongeza wiki moja kabla ya sindano ya kwanza.

Chakula hicho kiwe cha nishati kuliko protini. Kikuyu iliyowekwa mbolea ya naitrojeni ina protini ya kutosha na zaidi, hivyo mahindi yaliyosagwa na pumba zina faida kuliko kuongeza mashudu. Kwenye raigrasi ya masika ni hivyohivyo. Mashudu yarudi kikuyu ikizeeka.

Madini hayakadiriwi. Kikuyu ina kasoro mbili zinazojulikana: kalsiamu yake ni kidogo, na hiyo kidogo hushikwa na oksaleti isimfae mnyama, sodiamu nayo ni haba. Lita moja ya maziwa hubeba gramu 1.2 hivi za kalsiamu, na ng'ombe hufyonza chini ya nusu ya anayokula. Kwa lita 3 za nyongeza weka gramu 30 za chokaa ya mifugo juu ya zile alizokuwa akipata, na chumvi ya kawaida gramu 30 hadi 50 kwa siku. Changanya kwenye chakula cha kukamulia. Jiwe la kulamba huwafaidi wababe wa kundi tu.

Maji: kila lita ya maziwa hudai lita 4 hivi za kunywa, kwa hiyo weka hesabu ya lita 12 zaidi kwa kichwa. Birika liwe ndani ya kitalu. Likiwa getini peke yake, wanyonge watarudi malishoni bila kunywa.

Hatua ya 4: Chagua ng'ombe mmoja mmoja

Kuchoma kundi zima ni kurahisisha kazi na kupoteza fedha. Pita na daftari, na kila anayeingia kwenye orodha awe na haya yote.

Unono wa alama 2.5 kwenda juu kwa kipimo cha 1 hadi 5. Pima kwa mkono: bonyeza ncha za mbavu fupi kiunoni. Kama unazihesabu moja moja kama meno ya kitana, yuko chini ya 2.5, hachomwi. Kama unazihisi kwa kubonyeza lakini juu yake kuna kifuniko laini, anafaa. Ng'ombe wa malishoni wengi huwa wembamba siku ya 60, na hapa ndipo orodha hukatwa nusu. Wasubiri, watafaa mwezi wa nne au wa tano.

Kiwele safi. Fanya kipimo cha sinia la vikombe vinne vyenye sabuni maalumu. Chuchu yoyote inayoganda kama uji, tibu kwanza. Kama una hesabu za seli za maziwa kutoka maabara, ambazo hupanda kiwele kikiugua, ukomo uwe 200,000 kwa mililita. Uchambuzi ule wa Kanada ulikuta hatari ya ugonjwa wa kiwele ikipanda kwa asilimia 25 hivi, na kuchechemea kwa asilimia 55. Uchambuzi mwingine wa 2014 haukuyaona madhara hayo, lakini uligharimiwa na mwenye bidhaa. Sisi tunapanga shamba kwa takwimu mbaya zaidi.

Miguu mizima. Ng'ombe anayetembea kilomita mbili kwenda kukamuliwa na mbili kurudi, mara mbili kwa siku, asianze homoni akiwa anachechemea.

Mimba. Tunashauri wazi: kwenye kundi la malishoni linalozaa kwa msimu mmoja, usichome mpaka mimba ithibitishwe. Wiki ya tisa ndiyo wiki ileile anayotakiwa kushika mimba, na uchambuzi wa Kanada uliweka hatari ya kutoshika kuwa juu kwa asilimia 40. Zizini, ng'ombe aliyechelewa miezi miwili ni kero. Malishoni atazaa wakati majani yamekwisha, na kwa kawaida safari yake ni mnadani. Wanaozalisha mwaka mzima wana nafasi zaidi ya kuanza mapema.

Kuna kundi moja ambalo homoni huwafaa kuliko wote: ng'ombe mnene, mzima, aliyekosa mimba na ambaye hutaki kumuuza sasa. Huyo huvutwa akamuliwe miezi mingi zaidi bila kupoteza chochote cha uzazi.

Na mwisho, awe anatoa maziwa ya kutosha. Asilimia 15 ya lita 8 ni lita 1.2. Hakuna hesabu ya dozi inayokubali hapo.

Hatua ya 5: Panga kalenda

Chagua siku moja ya wiki, mfano Jumanne, kila baada ya wiki mbili. Maelekezo ya dozi husema anza kati ya siku ya 57 na ya 70 baada ya kuzaa. Dirisha hilo lina siku 14 kamili, kwa hiyo kila ng'ombe ataangukia Jumanne moja tu ndani yake. Andika namba ya hereni, tarehe ya kuzaa, tarehe ya sindano, upande uliochomwa, na alama ya unono. Weka alama ya rangi mguuni kwa kila aliyechomwa kabla hajatoka. Bila rangi, kuna siku mmoja atachomwa mara mbili na jirani yake akakosa.

Aliyekosa asubiri zamu ijayo, au achomwe kesho yake na arudi kwenye Jumanne. Dozi mbili kwa pamoja hazifidii kitu.

Hatua ya 6: Friji na sindano

Hii ni protini. Hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, isigande wala isipigwe na jua. Weka kipimajoto ndani ya friji na usiiweke dawa mlangoni, ambako joto hupanda kila mtu anapotafuta chai ya baridi. Kwenda malishoni tumia kasha lenye vibonge vya barafu, vikiwa vimefungwa kwa kitambaa ili visiguse mabomba ya sindano.

Siku ya kuchoma toa idadi unayohitaji tu, iache ifikie joto la kawaida la kivulini. Dawa iko ndani ya mafuta mazito. Ikiwa baridi haisukumiki, mtu huongeza nguvu, sindano inateleza na nusu ya dozi inaishia kwenye manyoya.

Huchomwa chini ya ngozi: shingoni, nyuma ya bega, au kwenye shimo laini kando ya shina la mkia. Chumba cha kukamulia ambamo ng'ombe hupanga mstari wakikupa makalio, shimo la mkia ndilo rahisi. Kwenye kibano, nyuma ya bega ni salama zaidi kwa mchomaji. Fuata hivi:

1. Vaa glavu. Kugusana mara kwa mara na dawa huleta mzio wa ngozi kwa baadhi ya watu.
2. Futa tope na mavi, acha ngozi ikauke. Ngozi yenye unyevu huingiza uchafu pamoja na sindano.
3. Vuta ngozi iinuke kama hema, ingiza sindano chini ya hema hilo sambamba na mwili. Ukiielekeza wima utafika kwenye msuli.
4. Sukuma taratibu mpaka bomba liishe, subiri sekunde mbili, ndipo uchomoe huku ukibana tundu kwa kidole gumba.
5. Bomba lililotumika liende kwenye kopo gumu lenye kifuniko. Bomba moja kwa ng'ombe mmoja, hakuna kuazimana.
6. Zamu ijayo choma upande wa pili.

Uvimbe wa sentimita 3 hadi 5 ni wa kawaida na unaweza kukaa wiki kadhaa. Ukiwa wa moto, unauma na unakua, ni jipu: mwite daktari wa mifugo. Ng'ombe anayetarajiwa kuchinjwa asichomwe katika wiki mbili za mwisho, maana uvimbe huharibu nyama ya sehemu hiyo.

Hatua ya 7: Fuatilia

Maziwa hayapandi na kubaki pale. Ndani ya siku 14 hupanda, hufika kilele karibu na siku ya 7 au 8, kisha huteremka mpaka sindano inayofuata. Ukipima siku ya 8 pekee utajidanganya kwa furaha. Ukipima siku ya 14 utaitupa dawa bure. Pima siku ya 3, 8 na 13, chukua wastani.

Angalia risiti za kiwanda. Protini ya maziwa ikishuka huku mafuta yakipanda, ng'ombe wanajila wenyewe, hata kama lita zinapendeza. Hiyo ni habari ya wiki mbili kabla macho hayajaona mbavu. Pima unono kila wiki nne. Akipoteza robo ya alama, ongeza chakula au mhamishie kwenye vitalu bora. Akipoteza nusu, mtoe kwenye orodha.

Joto ni adui wa pwani hasa. Ng'ombe anayetengeneza maziwa zaidi hutengeneza joto zaidi mwilini. Saa za mchana wapewe kivuli cha mita 4 za mraba kwa kichwa, na kitalu kizuri kiwekwe usiku, wanapokula bila kuhema. Wimbi la joto likitabiriwa kwa wiki nzima, ruka zamu hiyo.

Hatua ya 8: Kuacha

Ng'ombe hukaushwa siku 60 kabla ya kuzaa, na akikaushwa akiwa juu ya lita 12 hivi chuchu hazifungi vizuri, vijidudu vinaingia. Kwa hiyo sindano ya mwisho iwe angalau wiki mbili kabla ya siku ya kukausha, na kwa mwenye maziwa mengi iwe nne. Ng'ombe wa homoni hufika mwisho wa msimu mwembamba kuliko wenzake, maana hakupata nafasi ya kurudisha mafuta. Lengo ni alama 3.25 siku ya kukausha. Kama hafiki, acha mapema umlishe arudi, kwa sababu ng'ombe mkavu hunenepa kwa shida.

Ukichoma na maziwa hayakuja

Tafuta kwa mpangilio huu. Friji: soma kipimajoto, uliza umeme ulikatika lini. Mchomaji: simama umwangalie akichoma ng'ombe kumi, utaona manyoya yaliyolowa mafuta. Majani: rudia fremu. Ng'ombe: homa, kiwele, miguu, minyoo. Ikiwa kundi zima limegoma, ni friji au majani. Ikiwa wachache, ni mchomaji au ng'ombe wenyewe. Hatujaona faida ya kubadilisha chapa ya dawa kabla ya kumaliza orodha hii.

Fedha, na jaribio la shamba lako mwenyewe

Hesabu kwa lita, sarafu zitakuchanganya. Chukua mfano: dozi moja inauzwa sawa na bei ya lita 14 za maziwa, hiyo ni lita 1 kwa siku. Kilo ya chakula cha nyongeza inagharimu sawa na lita 0.7, kilo 2 ni lita 1.4. Ng'ombe ameongeza lita 3, gharama ni 2.4, unabaki na 0.6. Kwa siku 14 ni lita 8.4. Akipata ugonjwa wa kiwele mara moja na maziwa yakamwagwa siku 5 kwa sababu ya dawa, lita 100 zimekwenda, na hiyo ni faida ya sindano 12. Bei ya pumba ikipanda, au ongezeko likiwa lita 2 badala ya 3, hakuna kilichobaki cha kugawana. Weka bei zako mwenyewe kwenye mistari hiyohiyo kabla hujaagiza boksi.

Kisha jaribu kwa wachache. Panga ng'ombe 40 wawili wawili wanaofanana: idadi ileile ya mizao, tofauti ya siku za kukamuliwa isizidi 20, lita zisizidi 2. Rusha shilingi kwa kila jozi kuamua nani achomwe. Wote wale kitalu kimoja. Waliochomwa wapate kilo 2 za ziada, na gharama yake iandikwe kwao. Fanya zamu tatu, siku 42, ukiachana na zamu ya kwanza kwenye majibu kwa sababu hamu ya kula bado haijafika. Jumlisha lita za zamu ya pili na ya tatu, toa dozi, toa chakula, hesabu waliougua na alama za unono kila upande. Fanya mara moja kwenye raigrasi na mara moja kwenye kikuyu iliyokomaa, maana majibu ya Oktoba hayatakuambia lolote kuhusu Machi.